Nani Anamsimamia Mnasihi?

Kwa mgonjwa wa nje mwenye sonona, ziara ya kwanza kwa mnasihi si kazi kubwa. Mara nyingi kasukumwa. Hajalala wiki nzima, mkewe kamwendea dada yake, dada katoa nauli, daktari wa zamu kapima malaria na vidonda vya tumbo asione kitu, kaandika rufaa. Kazi ni ziara ya pili, ambayo haina wa kumsukuma. Ameshamweleza shida zake mtu asiyemjua, ameambiwa arudi Jumanne, na Jumanne hiyo ni siku ya kibarua. Ugonjwa wenyewe nao unampa hoja: hakuna litakalobadilika, bora alale. Kliniki iliyojaa wagonjwa wa mara ya kwanza huku wa mara ya nne wakihesabika kwa vidole isisifiwe kwa mahudhurio yake.

Naanzia hapo kwa sababu mjadala wetu juu ya tiba ya mazungumzo umekwama pengine. Tunalalamika, na kwa haki, kwamba wataalamu wa saikolojia na madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache na wamerundikana mijini. Kisha tunabishana ni tiba ipi iliyo bora, ile ya kuchunguza fikra, ile ya mahusiano, au ile ya kurudi utotoni. Wakati huohuo utafiti wa miaka zaidi ya ishirini, mwingi wake uliofanyika hapahapa kwetu na kwa majirani, umeshajibu swali tulilokuwa tukiliogopa: mtu asiye na shahada ya saikolojia anaweza kumtibu mtu mzima mwenye sonona au wasiwasi uliopindukia. Anaweza, tena vizuri. Ila sisi tumechukua nusu ya jibu. Tumemchukua mhudumu asiye mtaalamu kwa kuwa gharama yake ni ndogo, tukamwacha yule anayeketi naye kila wiki kuipitia kazi yake.

Jibu lenyewe lilianzia Uganda. Mwaka 2003 Paul Bolton na wenzake walichapisha katika jarida la JAMA matokeo ya jaribio lililofanyika kwenye vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, eneo lililokuwa limepigwa vibaya na UKIMWI. Walitumia tiba ya mahusiano, iliyobuniwa Marekani na Gerald Klerman na Myrna Weissman. Tiba hii haimtaki mgonjwa achimbue utoto wake. Inamuuliza: maradhi yalipoanza, nini kilikuwa kikitokea kati yako na watu wako? Majibu huangukia mafungu machache. Kuna msiba. Kuna ugomvi usioisha, na mume, na mawifi, na ndugu wanaogombea shamba la marehemu. Kuna mabadiliko ya nafasi, kama mwanamke aliyekuwa mke akawa mjane, au bibi aliyefikia umri wa kulelewa akajikuta analea wajukuu wanne. Anayeijua Rakai ya miaka ile ataona kwamba tiba hiyo ilikuwa kama imeandikwa kwa ajili yake, ingawa ilitoka ng'ambo.

Wagonjwa walikutana kwa vikundi vidogo, wanaume kwao na wanawake kwao, dakika 90 kila wiki, kwa wiki 16. Viongozi wa vikundi walikuwa watu wa kawaida wa eneo hilo, waliofundishwa kwa wiki mbili. Mwishoni, katika vijiji vilivyopata tiba, waliobaki na dalili kamili za sonona kali walikuwa asilimia 6.5. Katika vijiji vya kulinganishia walikuwa asilimia 54.7. Dawa za sonona hazikuhusika. Miezi ilipopita vikundi vingi viliendelea kukutana vyenyewe, bila mradi, bila soda.

Kikundi kinatibu kwa njia nyingi, lakini iliyo muhimu kwa mgonjwa wa nje ni ya kawaida kabisa: usipofika, mtu anakuja kukugongea. Ziara ya pili haibaki uamuzi wa mgonjwa peke yake na kitanda chake. Jambo hili hospitali haiwezi kuliiga kwa ujumbe mfupi wa simu.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2013, Judith Bass na wenzake waliripoti katika New England Journal of Medicine kazi iliyokuwa ngumu zaidi. Wagonjwa walikuwa wanawake wa Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, walionusurika ukatili wa kingono, katika vijiji ambavyo vita vilikuwa havijaisha. Tiba ilikuwa ile ya kuzipitia fikra ambazo tukio baya huziacha ndani ya mtu: nilijitakia mwenyewe, nimechafuka, hakuna wa kumwamini tena. Mgonjwa hufundishwa kuitambua fikra, kuitenga na tukio lenyewe, kisha kuihoji. Marekani kazi hiyo hufanywa kwa karatasi nyingi za kujaza. Kivu wanawake wengi hawakuwa wamesoma, hivyo mambo yalirahisishwa hadi yakaweza kushikwa kwa kichwa. Baada ya kikao kimoja cha mtu peke yake na 11 vya kikundi, na miezi sita kupita, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9. Kwa wenzao waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmojammoja walikuwa asilimia 42.

Tazama vizuri kundi hilo la pili. Hawakuachwa mikono mitupu. Walikuwa na wasaidizi wa kisaikolojia wa kuwasikiliza, kuwafariji na kuwaelekeza kwenye huduma. Huo ndio unasihi tunaoutoa katika vituo vyetu vingi, na nafuu yake ipo. Lakini pengo kati ya 9 na 42 halikuletwa na upole wala huruma, kwa kuwa pande zote zilikuwa navyo. Lililetwa na utaratibu: kikao cha tatu kina kazi yake, cha nne kina yake, na kila kimoja huanza kwa kuuliza kilichofanyika nyumbani tangu kikao kilichopita.

Ya Harare yanajulikana zaidi, kwa hiyo nitayapitia haraka. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alimpoteza mgonjwa kijana aliyejiua. Familia ilikuwa imekosa nauli ya kumleta hospitali, dola 15. Mwaka 2006 alianza na bibi 14 katika kitongoji cha Mbare, wakikaa kwenye benchi nje ya zahanati na kutumia tiba ya kutatua matatizo. Jaribio la wagonjwa 573 katika zahanati 24, lililochapishwa mwaka 2016, lilionyesha waliokuwa na sonona baada ya miezi sita ni asilimia 13.7 kwa walioketi benchini na 49.9 kwa wengine. Benchi hizo zimefika Malawi, Zanzibar na hata New York. Picha ya bibi na benchi imependwa na kila mtu, nami naipenda, ila imetufanya tuamini kwamba siri ni bibi.

Siri haiko kwa bibi peke yake. Chukua mtu anayedaiwa na watu watatu, mwanawe karudishwa nyumbani kwa ada, mkewe anaumwa, naye hali wala halali. Mshauri wa kawaida, awe jirani au kiongozi wa dini, atamwambia avumilie, amwombe Mungu, asiwaze sana. Sidharau dua; kuna wagonjwa wangu wasingekuwa hai bila msikiti au kanisa. Ila mtu huyu hawezi kuacha kuwaza kwa kuambiwa. Anayemtibu kwa njia ya Harare humwacha kwanza ayamwage matatizo yote, yaorodheshwe. Kisha mgonjwa mwenyewe achague moja tu. Wanalitazama hilo moja kwa undani: nani anadai, kiasi gani, lini, alishaongea naye? Wanatafuta njia kadhaa, hata za kipuuzi. Anachagua moja, inavunjwa hadi iwe tendo la wiki hii: Alhamisi asubuhi aende kwa mwenye duka amwombe alipe kidogokidogo. Wiki inayofuata swali la kwanza ni Alhamisi ilikwendaje. Ikiwa hakwenda, hakemewi, wanatafuta kilichomzuia. Deni linaweza kubaki palepale. Kinachobadilika ni mtu aliyekuwa ameganda, sasa ana jambo moja alilolifanya kwa mkono wake.

Tiba ya kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli iko karibu na hiyo, na kwa sonona ya kawaida ndiyo ninayoifundisha kwanza. Watu hudhani hamu hutangulia, tendo likafuata. Kwa mwenye sonona hamu haitakuja. Fundi cherehani aliyefunga duka miezi miwili hasubiri ajisikie vizuri ndipo afungue. Anapangiwa afungue saa mbili kwa siku mbili, hata bila mteja, aandike au akumbuke alivyojisikia kabla na baada. Inaonekana rahisi mno. Ugumu ni kwamba mnasihi asiye makini huipanga kazi kubwa kupita nguvu za mgonjwa, mgonjwa hushindwa, na kushindwa kunakuwa ushahidi mwingine kwamba yeye hafai.

Sasa nije kwenye habari isiyopendeza, ambayo wenye miradi hawapendi kuitaja. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2016 mpango wa vikao vitano unaoitwa Problem Management Plus: kupumua polepole, kushughulikia matatizo, kurudi kwenye shughuli, kuimarisha msaada wa watu wa karibu. Umejaribiwa Kenya mara mbili kwa uzito. Mara ya kwanza Richard Bryant na wenzake waliujaribu kwa wanawake 421 wa mitaa ya pembezoni mwa Nairobi, wengi wao walioguswa na ukatili wa kijinsia, na watoaji wakiwa wahudumu wa afya wa jamii. Matokeo yaliyotoka mwaka 2017 yalionyesha nafuu ya wastani, iliyo wazi. Mara ya pili Johannes Haushofer, Robert Mudida na Jeremy Shapiro waliupeleka vijijini na kuulinganisha na kugawa fedha taslimu, kwa watu 5,756. Baada ya mwaka mmoja, waliopewa fedha walikuwa na hali bora ya maisha na ya nafsi. Waliopata tiba hawakuwa na tofauti inayopimika na wasiopata kitu, hata wale ambao afya yao ya akili ilikuwa mbaya tangu mwanzo.

Wapo waliosoma ripoti hiyo ya mwaka 2020 wakasema: basi maskini wapewe pesa, mazungumzo tuyaache. Wapo waliojaribu kuizika. Nafikiri wote wamekosea. Umaskini unaumiza akili, na fedha hutuliza maumivu hayo. Hilo halihitaji daktari. Lakini mjane wa Rakai hakuwa amepewa fedha. Sababu za tofauti ya Nairobi na vijijini zinaweza kuwa nyingi: kipimo kilichukuliwa muda mrefu baadaye, wanawake wa Nairobi walichaguliwa kwa kuwa na dhiki, vijijini tiba ilipelekwa kwa watu wengi wakiwemo wasioumwa. Mimi funzo ninalolichukua ni dogo na linaniuma: mwongozo uleule, wenye jina lilelile, unaweza kutibu mahali pamoja na usifanye lolote mahali pengine. Kwa hiyo kusema kituo kinatoa tiba fulani hakujatuambia kitu mpaka tujue inatolewaje, na nani anaangalia.

Hapa ndipo usimamizi unapoingia, na simaanishi afisa anayekuja na gari kukagua rejesta. Kule Kivu wasaidizi waliotoa tiba walikuwa na wasimamizi Wakongo waliozungumza nao kila wiki, ana kwa ana au kwa simu, na wasimamizi hao nao walikuwa na walimu wa kuwaongoza. Kila kesi ilizungumzwa. Nani hakuja? Ulimtafuta? Kwenye kikao cha tano alisema nini, wewe ukasemaje? Rudia maneno uliyotumia.

Bila hayo tiba huharibika kwa mpangilio ambao nimeuona mara nyingi kiasi cha kuweza kuutabiri. Kinachoachwa kwanza ni dodoso la dalili, kwa sababu kumuuliza mtu maswali yaleyale kila wiki kunaonekana kama dharau. Kisha inaachwa kazi ya nyumbani, kwa sababu mgonjwa hakuifanya na mnasihi anaona haya kumuuliza. Kikao kinabaki maongezi. Maongezi yanakuwa mawaidha, maana sote tumelelewa na mawaidha na ndiyo tunayoyajua. Mwishowe mnasihi anachukua upande: anamtetea mke dhidi ya mume, anakopesha nauli, anatoa namba yake ya simu na kupigiwa saa nane za usiku. Baada ya miezi michache ya kusikia habari za ubakaji na misiba, naye halali. Huyo si mtu mbaya wala mvivu. Hana wa kumwonyesha alipoachia njia.

Watu wakinisikia hujibu kwamba wasimamizi ndio haohao wataalamu tusio nao. Goa, nchini India, walikutana na ukuta huo. Katika mpango wao wa kutibu sonona kali kwa vikao 6 hadi 8, uliochapishwa na Lancet mwaka 2017, vikao vya wanasihi wasio wataalamu vilirekodiwa kwa idhini ya wagonjwa. Kisha wanasihi wenyewe walikutana, wakasikiliza pamoja rekodi, kila mmoja akaipa alama kwa kutumia karatasi maalumu, wakajadiliana. Mtaalamu alikuwepo zaidi mwanzoni, halafu akarudi nyuma. Ilibainika kwamba wenzao walitoa alama zinazokaribiana vya kutosha na za wataalamu. Kinachotakiwa ni simu yenye kinasa sauti, chumba, saa mbili kwa wiki zinazolipwa kama saa za kazi, na moyo wa kuvumilia kusikia sauti yako mwenyewe ukimkatiza mgonjwa. Hilo la mwisho ni gumu kuliko yote. Kwetu kukosolewa mbele ya wenzako ni kuvuliwa nguo, na nisingewaweka muuguzi mkuu na mhudumu wa kijiji kwenye duara moja siku ya kwanza nikatarajia ukweli. Waanze wa rika moja.

Kuna pia jukwaa la EQUIP, la Shirika la Afya Duniani na UNICEF, lililowekwa wazi kwa wote mwaka 2022. Linampima mnasihi kwa igizo: mtu anajifanya mgonjwa, mnasihi anafanya kazi, mtazamaji anaandika alichokiona, pamoja na madhara, kama vile kumlaumu mgonjwa au kuvunja siri. Ni kipimo bora kuliko mtihani wa karatasi. Nimewaona wenye alama 90 za karatasi wakiketi mbele ya mgonjwa wa kuigiza wakaongea wao dakika zote 15.

Jambo hili lina haraka. Septemba 2023 Kenya iliwatuma mitaani wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao laki moja, wakiwa na mkoba wenye vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Tanzania ilizindua mpango wake mwaka 2024, ukilenga wahudumu zaidi ya 130,000 ndani ya miaka mitano. Afya ya akili itawekwa kwenye mkoba huo. Sehemu nyingine imeshawekwa. Dodoso lenyewe litakuwa lile la maswali tisa, PHQ-9, ambalo lipo kwa Kiswahili na limezoeleka kliniki: umepungukiwa hamu mara ngapi katika wiki mbili zilizopita, umelala vipi, umekula vipi, hadi jumla ya alama 27. Mhudumu wa kijiji anaweza kulijifunza kwa asubuhi moja.

Swali la tisa linauliza kama mtu amekuwa na mawazo kwamba ni afadhali afe, au ajidhuru. Asubuhi moja haimtayarishi mtu kwa jibu la ndiyo. Anayejibu ndiyo anahitaji kuulizwa zaidi, bila woga: umefikiria njia? Unayo nyumbani? Umeshajaribu? Sumu ya wadudu inakaa wapi, na nani mwingine nyumbani anaweza kuihamisha leo? Kuuliza hakumtii mtu wazo la kujiua. Wengi hupumua kwa kuulizwa. Lakini maswali hayo yana uzito wa kisheria pia. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume na Katiba. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inalihesabu jaribio hilo kuwa kosa. Kuwa na mawazo tu si kosa popote, ila mgonjwa hajui tofauti hiyo, na mara nyingi mhudumu naye haijui. Basi mmoja anaficha, mwingine anaandika sifuri ili wote wawili waondoke salama.

Anayejibu ndiyo hafai kuachwa kwenye vikao vitano vya mhudumu wa kijiji. Vivyo hivyo anayesikia sauti, anayekaa siku nne bila kulala huku akigawa mali zake, mzazi wa siku kumi anayemwogopa mtoto wake. Hao wanahitaji daktari, pengine dawa, pengine kitanda. Mhudumu anapaswa kuwa na mtu wa kumpigia akiwa bado ameketi na mgonjwa, awe Jumamosi au Idi, na mtu huyo awe na mamlaka ya kusema mlete na awe na gari la kumleta. Katika bajeti za mafunzo ninazoletewa kutoa maoni, posho za washiriki huwemo, ukumbi huwemo, fulana huwemo. Mstari wa huyo anayepokea simu nauongeza mimi kwa kalamu, na mara nyingi bajeti hurudi ikiwa umefutwa.